Vipimo vya Dada Nyamizi kule Ipole

Akili yangu bado inakataa. Jumapili tulikuwa tunachati, jana tumemzika kijijini Ntalikwa. Mwalimu Nyamizi, katibu wa chama chetu cha wanafizikia hapa Tabora, hayupo tena.

Wengi mlimjua kwa kicheko. Mimi nilimjua kwa ukaguzi. Ukimwambia maji yamechemka, anakuuliza umepima na kipimajoto gani.

Ndiye aliyeniingiza kwenye chama. Nilikuwa mwalimu mgeni, naogopa hata kunyoosha mkono. Alinijazia fomu mwenyewe, akanisukumia kalamu, akaniambia niache uoga.

Kwenye tawi letu la Tabora alituwekea utaratibu mmoja: hupeleki andiko mkutano wa taifa kabla mwenzako hajarudia vipimo vyako, bila kuonyeshwa majibu. Tulilalamika weee! Hakutusikiliza.

Andiko lake la mwisho ni la mizinga ya nyuki ya kijiji cha Ipole. Alipima joto la ndani saa za mchana, akaona mzinga wa gogo una ubaridi zaidi kuliko wa mbao. Wafugaji nyuki wanalisubiri, waamue watengeneze mizinga ipi msimu ujao.

Aliyepewa kurudia vipimo ni mimi. Na jamani, hapa ndipo nilipokosea.

Niliumwa na nyuki mpaka sikio likavimba, na vipimo vyangu havikulingana na vyake. Gogo na mbao, joto lilelile. Nikadhani nimekosea, maana mimi ni nani nimkosoe Dada Nyamizi? Nikamwambia vimelingana.

Akaniuliza: "Masanja, umepima kweli, au umenionea haya?"

Nikasema nimepima. Akanishukuru, akanifungia na karanga za njiani.

Alhamisi andiko linasomwa mkutanoni kwa heshima yake, na jina langu limo kama mhakiki. Mwenyekiti anataka niseme maneno mawili. Nikinyamaza, watu wa Ipole watachonga magogo kwa uongo wangu. Nikisema, mtadhani namchafua marehemu.

Asubuhi nimemwandikia mwenyekiti ukweli wote, nikaomba andiko lisubiri. Hajajibu. Mtakaonitukana, sawa. Kosa ni langu, yeye aliuliza.

Dada, nilikuonea haya. Nisamehe. Huenda wewe ndiye uliyepatia, sijui, na kutojua huku kunanitesa.

Kesho naenda Ipole kupima upya, na nitaandika ninachokiona. Pumzika kwa amani, dada yangu.