Viti Viwili vya Kwenda Broome

Clarrie Haggart wa Port Pirie hakuwa na mkono wa birika, watu walimsingizia tu. Ugonjwa wake ulikuwa pointi. Mkienda kula klabuni Ijumaa, bili ikija hujapapasa hata mfuko, yeye keshainyakua.

"Nipeni mimi pesa taslimu! Nalipa kwa kadi!"

Kila dola iliyopita kwenye kadi ile ya mkopo ya benki ilizaa pointi, na pointi zikitimia zingetoa viti viwili vya ndege hadi Broome, mji wa pwani ya mbali. Hiyo ndiyo fungate aliyomwahidi mkewe, Noelene, tangu mwaka waliooana, maana kesho yake bwana harusi aliitwa zamu kiwandani na habari ikaishia hapo.

"Clarrie, utapaa lini?" wenzake walimchokoza. "Au unangoja kuota mbawa?"

"Chekeni tu. Haba na haba."

Tena hakuwa mjinga. Kila mwezi alilipa deni lote kabla ya tarehe, akijisifu kwamba benki haijawahi kula senti yake ya riba. Kadi ilikuwa kwa jina la Noelene, kwa sababu Clarrie na fomu walikuwa paka na panya.

Kisha siku moja, akiosha gari, moyo ukasimama.

Mwenye kampuni ya mazishi alipouliza kwa upole watalipaje, Noelene akatoa kadi, kama mtu anavyoitikia salamu. Na jamani, wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Clarrie angefurahi, pointi zote hizo kwa mpigo mmoja! Hata aibu hakuiona. Hakuhisi chochote. Mwili ulikuwa wake, ganzi ilikuwa ndiyo mwenye nyumba.

Majirani walileta mabakuli ya vyakula, akala bila kujua anakula nini. Bili ya kadi ilipokuja aliiweka juu ya friji. Binti yao, Kerryn, alipofika kutoka Adelaide ndiye aliyeifungua.

"Mama! Huwezi kulipa hii yote kwa mara moja."

"Siwezi."

"Basi kadi ya pointi itakumaliza, riba yake ni asilimia ishirini! Hamishia deni kwenye kadi nyingine, isiyo na riba. Hiyo haitoi pointi hata moja, lakini unalipa polepole kwa pensheni yako."

"Na pointi za baba yako?"

"Ukifunga kadi zinakufa. Kata tiketi kwanza, ndipo tuifunge."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu."

"Mama, nikasirikie basi! Nitukane!"

"Nitakutukana kesho."

Kerryn akapiga simu benki, akaweka kipaza sauti, akampa mama yake. Akapokea kijana mchangamfu, kauli yake sukari tupu.

"Loo, mama, hongera! Mwezi huu umetumia hasa! Pointi za Broome zimetimia, viti viwili, na nyingine zinabaki. Umenunua kitu gani kizuri?"

"Jeneza."

"Pole, mama. Pole sana."

"Asante," akasema Noelene, kwa sauti ile ile ya kuagiza mkate.

Kijana akakohoa. "Basi... nikukatie viti vingapi?"

Tangu msiba, watu walikuwa wamempa pole, maua na vyakula. Swali hilo hakuna aliyemuuliza.

"Kimoja," akasema.

Akajisikia akilitamka neno hilo. Kifua kikapasuka, akalia kwa sauti, simu bado mkononi, hata mbwa wa jirani akaanza kubweka. Alimlilia Clarrie na kiti chake, na ule ujinga wake wa kunyakua bili za klabuni. Kerryn akamshika, akaichukua simu, akamaliza kukata tiketi.

"Mama," akasema taratibu, kijana bado yuko hewani, "pointi zilizobaki ni nyingi. Kijana anasema anaweza kuzigeuza vocha ya dukani. Tukiziacha zitakufa bure."

Noelene akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Hizo za baba yako. Usiziguse. Mwambie afunge kadi."

Kerryn alikuwa amelelewa na Clarrie, na kuziacha pointi zote zile zipotee kulimuuma. Akamwambia kijana afunge.