Mkono Ambao Kogo Hakuujua

Tangu macho ya kogo, yaani nyanya yetu, yafifie, anatujua kwa mikono. Likizo hii nilimsalimia jioni nikitoka kuchuna majani chai. Akanishika mkono, kisha akauliza kwa heshima, "Karibu. Wewe ni wa boma gani?"

Binamu yangu alicheka hadi akakaa chini. "Kogo, hiyo si mkono, ni msasa!"

Ningesema jina langu tu, yaishe. Lakini mimi hata darasani sauti hunitoka nikiwa nimeshaketi. Niliingia jikoni nikajifanya moshi ndio unaniliza.

Kilichonichanganya ni kwamba mwalimu wa biolojia alikuwa ametufunza jambo hilohilo. Alinifunga macho kwa tai yangu, akaweka kidole changu juu ya kitu, akaniambia nisikisogeze. Nikasema ni karatasi. "Sasa sugua." Papo hapo nikajua ni msasa, ule laini. Alieleza kwamba kidole kikitulia, vipokezi vya ngozi hupata matuta makubwa tu. Kikiteleza, chembe ndogo za mchanga huitetemesha ngozi, na mtetemo huo ndio habari inayofika kwenye ubongo.

Basi labda kosa ni la salamu! Kwetu mtoto hatikisi mkono wa mkubwa. Unautoa wako, unautuliza, ule mwingine unashika kiwiko, mpaka akuachilie.

Kesho yake nilimpa mkono tena, ila nikapitisha kiganja changu polepole juu ya vidole vyake. Masikio yalinichoma kwa aibu.

"Mbona unanipapasa kama ng'ombe amekataa kukamuliwa?" Halafu vidole vyake vikaanza kutembea vyenyewe, mbele na nyuma, juu ya nyufa zilizoachwa na utomvu wa chai. Akatabasamu. "Kumbe ni wewe! Majani imepimwa mapema leo?"

Na akaniita kwa jina la mama yangu.

Mama alikuwa bado shambani akichuna majani. Nikasema, "Eeh, mapema."

Sasa sielewi. Ngozi yake ilisoma vizuri au vibaya? Mikono ya mama naipenda, lakini nilitaka ajue ni mimi. Leo nimefungua mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe ili nilainishe viganja, virudi vile kogo alivyovijua. Nimechota kidogo, nikayaangalia, nikayarudisha. Hata sijui kwa nini.