Upanga Uliokataa Kupinda

Exomnos mhunzi alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja tu maishani mwake alisema mengi, na siku hiyo alisema uongo.

Alizaliwa hapa hapa ziwani, akajifunza kazi kwa baba yake, akarithi fuawe, koleo mbili na kikohozi. Masharubu yake ya upande wa kulia yalikuwa mafupi kuliko ya kushoto kwa sababu ya cheche, wala hakujali kuyasawazisha. Mkewe Litugena ndiye aliyevuta mivukuto ya kupulizia moto. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na ulimi usiolala, na wateja wengine walikuja kunoa visu ambavyo havikuwa butu ili wamsikilize tu.

Panga za Exomnos zilikuwa kama za kila mhunzi wa kwetu: ndefu, pana na laini. Ukishampiga adui mara tatu, unarudi nyuma kidogo, unaukanyaga upanga kuunyoosha, kisha unaendelea na ugomvi. Hakuna aliyeona aibu, maana naye adui alikuwa anakanyaga wake. Sifa ya Exomnos ilikuwa kwenye ala za kuchomekea panga. Juu ya bati la ala alichora kwa patasi vikonyo vya majani vinavyojiviringisha, na ukiitazama sana unaona jicho, halafu pua, halafu uso mzima unakutazama. Ukipepesa, uso umepotea, umebaki na majani. Watu walitoka ng'ambo ya mto kuja kubadilisha ndama kwa ala moja.

Sasa, mwaka mmoja wachuuzi wa chumvi walileta miche ya chuma kutoka milima ya mashariki. Exomnos akatoa ala mbili na nguruwe mmoja, akachukua miche mitatu. Chuma kile kilimtesa. Akikifua kilikuwa kigumu, akikizamisha majini kikiwa chekundu kilitoka kigumu zaidi, na ukikigonga kilivunjika kama kikombe. Upanga wa kwanza ulivunjika. Wa pili nao ulivunjika, akatukana miungu kwa zamu. Wa tatu aliuzamisha majini, akauegemeza ukutani, akaenda zake kunywa pombe ya shayiri ili asiuone ukivunjika.

Litugena alikuta upanga unachuruzika maji kwenye unga wake. Akauchukua, akauchomeka kwenye majivu ya moto chini ya chungu cha uji ili ukauke, akasahau. Mumewe aliporudi, bapa lilikuwa limegeuka rangi, buluu kama shingo ya njiwa. Kwa hasira akaliweka gotini alivunje mwenyewe yaishe. Likapinda, likarudi kwa nguvu, likamchapa kidevuni.

"Umeufanya nini?" akauliza, kidevu kinatoka damu.

"Nimeukausha. Ulitaka ushike kutu?"

Akaupinda tena, ukanyooka tena. Walikaa chini wote wawili wakautazama, na uji ukaungua.

Upanga huo aliuchukua Vindorix, mpanda farasi mkubwa wa kwetu, mwenye nywele zilizopakwa chokaa hadi zikasimama na sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Kwenye karamu yake akaukanyaga mbele ya watu wote, ukaruka ukanyooka, watu wakapiga kelele. "Fundi!" akaita. "Hebu tuambie, umefanyaje?"

Ukumbi mzima ukageukia mlangoni. Exomnos alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, mahali pa mafundi wadogo, na alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya mvinyo wa kusini, ule ambao wenyewe huko kwao huutia maji na sisi hatuutii. Akawatazama wanaume wale wote wenye masharubu. Angewaambiaje habari za chungu cha uji?

"Gobannos mwenyewe aliupuliza," akasema. Gobannos ndiye mungu wa wahunzi. Uongo ukishaanza hauishii hapo, kwa hiyo akaongeza kwamba mungu alikuja na nyundo, kwamba nyundo ilikuwa inang'aa, kwamba alisikia pumzi inaingia ndani ya chuma. Watu wakasisimka. Vindorix akainuka, akamshika mkono, akamkalisha karibu na moto, na tangu siku hiyo kila karamu Exomnos alikuwa na kiti pale na mbavu za nguruwe mbele yake. Akachonga na muhuri mpya wa kugonga kwenye panga zake: nyundo ya mungu.

"Kumbe Gobannos anakuja jikoni kwangu," Litugena alisema, "na hata chungu hanisaidii kuosha."

"Nyamaza, mke wangu, watu watasikia."

"Wakisikia wataniletea vyungu."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Litugena hakumwambia mtu, ila alimkumbusha mumewe kila alipopika uji, na uji tulikunywa kila siku. Upanga mwingine wa namna ile hakuweza kuutengeneza, maana chuma cha mashariki kilikuwa kimekwisha. Watu walidhani mungu anapuliza mara moja tu, wakazidi kumheshimu.

Baada ya miaka mitatu Vindorix akafa. Yeye na mdogo wake Mapilos walikuwa wanavusha ng'ombe mtoni wakati wa mafuriko. Farasi akateleza, Vindorix akaanguka, na Mapilos akarudi nyumbani peke yake, maiti ikiwa imelazwa juu ya farasi. Jambo la huzuni, lakini mto ni mto. Watu walimlilia, wakamchimbia kaburi, wakachinja.

Ila kwetu upanga wa mwanaume mkubwa hauachwi ukashikwa na mwingine. Unapelekwa kwenye daraja la mbao, na fundi aliyeufua anaupinda mara tatu mbele ya watu, ndipo unatupwa ziwani. Upanga ukipinda, marehemu ameridhika, ameshika njia yake. Tangu babu zetu haujaonekana upanga usiopinda. Ungekataaje, nao ulikuwa unapinda hata vitani?

Exomnos aliupokea upanga ule darajani, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Alikuwa amesahau kabisa. Akauweka gotini, akaupinda, akaachia. Ukanyooka. Watu wakacheka kidogo, wakidhani mikono imeteleza. Akaukandamiza kwenye nguzo ya daraja akaulalia kwa tumbo lote. Ukapinda kama upinde. Alipoinuka, nao ukainuka. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Druidi wetu, yaani kuhani na mwamuzi wetu, Nemetomaros, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushika neno. Akasogea, akasema, "Fundi, wewe ulituambia ndani ya chuma hiki mna pumzi ya mungu. Mungu hapumui ovyo. Marehemu hataki kwenda. Ana neno."

Macho yote yakamgeukia Mapilos.

Maana siku kumi kabla ya kifo, ndugu hao wawili walikuwa wamegombana karamuni kwa ajili ya paja. Paja la nguruwe ni la shujaa wa siku, kila mtu anajua, na siku hiyo Mapilos alisema ni lake, kaka yake akasema ni lake, wakashikana mashati hadi wakatenganishwa. Na mtoni walikuwa wawili tu.

"Upanga utajaribiwa tena siku ya tatu, jua likiwa kichwani," druidi akasema. "Ukikataa, Mapilos ameondolewa kwenye sadaka."

Kwa mtu asiyejua, niseme tu kwamba ni afadhali kuuawa. Ukiondolewa kwenye sadaka hakuna anayekusalimu, hakuna anayekupa moto, hakuna anayekaa nawe kuamua shauri lako hata ukidhulumiwa. Ng'ombe wako akipotea amepotea. Na watu hawakusubiri siku ya tatu. Jioni hiyo hiyo jirani yake alifunga mlango alipomwona anakuja kuomba kaa la moto.

Kesho yake Mapilos alikuja hadi kwenye karakana ya Exomnos, akasimama nje, mbali na tanuri, asije akautia moto najisi. Mtu mzima wa miaka thelathini, suruali yake ya miraba bado ina tope la mtoni.

"Fundi, samahani," akasema. "Wewe ndiye unayeujua ule upanga. Hivi kaka amenikasirikia kweli?"

Exomnos alikuwa ameshika nyundo. Akaiweka juu ya fuawe.

"Ningejua, ningemwachia lile paja. Nilimshika mkono, fundi. Nilimshika hivi. Maji yakaninyang'anya. Au hakujua kwamba nilimshika? Labda alidhani nimemwachia." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Basi. Mniwie radhi kuwasumbua," akaondoka.

Hilo ndilo lililomuumiza Exomnos kuliko yote: kwamba Mapilos mwenyewe aliamini. Wahenga husema mchuma janga hula na wa kwao, lakini janga hili alikuwa analila mtu wa mbali kabisa, na alikuwa analila akiomba radhi.

Litugena aliachia mivukuto. Siku hiyo hakufanya mzaha. "Haya," akasema. "Sasa?"

"Nikisema, nitarudishwa kwenye benchi la mlangoni."

"Mlangoni kuna hewa."

"Watasema nimemsingizia mungu."

"Si umemsingizia?"

"Watanicheka, Litugena. Uji! Wanaume wote wale, niwaambie uji?"

"Waambie ulikuwa wa shayiri nzuri," mkewe akasema, akarudi kwenye mivukuto.

Siku ya tatu watu walijaa hadi ufukweni. Mapilos alisimama peke yake, na pembeni yake palikuwa na nafasi ya kupita mkokoteni. Druidi akampa Exomnos upanga. Exomnos hakuuweka gotini. Anayesema wahunzi hawaogopi hajawahi kumwona akijaribu kusema mbele ya watu.

"Mungu hakupuliza," akasema.

"Sema kwa sauti, fundi!" mtu wa nyuma akapaza.

"Gobannos hakupuliza kitu! Mke wangu aliuweka kwenye majivu, chini ya chungu cha uji. Alikuwa anaukausha. Nimedanganya. Chuma ni cha mashariki, majivu ni ya kwetu, basi. Haupindi kwa sababu nimeufua vizuri, siyo kwa sababu marehemu ana neno. Mapilos hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi."

Mtu mmoja akasema "Uji?" na ufukwe mzima ukaangua kicheko. Exomnos alisimama akanyeshewa na kicheko hicho mpaka kikaisha. Druidi hakucheka.

"Ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?" akauliza. "Huenda unamwonea huruma huyu."

"Nipeni moto niwaonyeshe. Ukipata moto mwekundu utalegea kama chuma chochote. Pumzi ya mungu isingetolewa na mkaa wa gunia moja."

Hapo Litugena akajitokeza katikati ya watu, mivukuto begani, gunia la mkaa mgongoni, maana alikuwa amevileta tangu asubuhi bila kumwambia mtu. "Nipisheni," akasema. "Mungu wenu anapita."

Wakachimba shimo mbele ya daraja, wakawasha. Litugena akavuta mivukuto hadi jasho likamchuruzika kidevuni. Upanga ukawa mwekundu, na Exomnos akaushika kwa koleo, akauegemeza kwenye nguzo. Ukapinda taratibu, ukakaa hivyo. Akaupinda mara ya pili, akaupinda mara ya tatu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alilia akiikunja, wala hakuficha.

"Marehemu ameridhika," druidi akasema. Kisha akamgeukia fundi. "Nguruwe jike mmoja kwa Gobannos. Kiti cha motoni utakiacha. Na muhuri ule wa nyundo, leta."

Exomnos akautoa mfukoni, ukatangulia ziwani. Upanga aliutupa Mapilos mwenyewe, kwa mikono miwili. Akabaki anatazama maji.

"Kumbe hakunikasirikia," akasema, hakusema na mtu yeyote. Jirani yake, yule aliyefunga mlango, akamsogelea akasimama karibu naye bila kujua aweke mikono wapi.

Exomnos alirudi kwenye benchi la mlangoni na akakaa pale miaka yote iliyobaki. Watu walimwita Baba Uji, na watoto wao hawakulijua jina lake jingine. Wateja walipungua, kisha wakarudi, na kila mmoja aliuliza kwanza: "Fundi, huu nikifa utapinda?" Akawajibu utapinda, akafua chuma laini, akachora ala.

Mwaka uliofuata wachuuzi wa chumvi walirudi na chuma cha mashariki, na siku hiyo hiyo Mapilos alikuja karakana. Safari hii aliingia ndani.

"Nataka upanga," akasema.

"Laini?"

"Wa majivu."

Exomnos akamtazama. "Na ukifa je?"

"Nikifa, mama aje darajani na mivukuto yake." Akamwangalia Litugena. "Utakuja, mama?"

"Ukiniletea mkaa wako. Mimi sibebi tena."

Ulichukua siku kumi na nne, na mara hii walihesabu vyungu vya uji ili wajue majivu yanatakiwa kuwa na moto kiasi gani. Ulipotoka buluu, Exomnos alichukua muhuri mpya aliouchonga bila kumwonyesha mtu, akaugonga kwenye bapa, chini kidogo ya mpini. Litugena akapangusa masizi kwa kidole, akainama kutazama. Haikuwa nyundo. Kilikuwa chungu kidogo, kimekaa juu ya mafiga.

Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kutazama kitu.

"Mafiga ni matatu," akasema. "Umeweka mawili."

"La tatu liko nyuma ya chungu. Halionekani."

"Hm," akasema Litugena, akaenda kuchochea moto.