Mnavu Wangu wa Akalla

Mtu asiniambie Akalla, huku Uswidi, ni pazuri. Najua ni pazuri. Ukishuka treni mwisho wa reli, ukayapa maghorofa mgongo, unafika kwenye nyumba kuukuu za mbao nyekundu ambako watu huja Jumapili kunywa kahawa na kuwaonyesha watoto kondoo. Karibu na hapo kuna vishamba vya kukodi. Kimoja kilikuwa changu.

Nilipanda mnavu, managu kama tunavyosema kwetu. Mbegu alinitumia mama kutoka Kisii. Nilikuwa nimejifungua, maziwa hayatoki vizuri, mtoto analia hadi sauti inamkauka. Kwetu mzazi halishwi kahawa na biskuti. Hupikiwa mnavu.

Kisha mtoto akashikwa na homa, nikakaa siku kadhaa bila kwenda shambani. Niliporudi nilikuta udongo mtupu, umepigwa reki, safi kama meza. Mama wa kishamba cha pili, Mswidi wa makamo, akaja akitabasamu, glavu mkononi.

"Nimekusaidia," akasema. "Magugu yalikuwa yamekushinda."

"Magugu? Hicho ni chakula changu!"

Tabasamu likamtoka. "Ile ni sumu. Huku hakuna mtu anayeila." Akamtazama mtoto mgongoni mwangu. "Na bado unanyonyesha?"

"Nimeila tangu niote meno! Bibi yangu anaila mpaka leo na anapanda mlima kukushinda wewe!"

"Itabidi nimwambie mtu," akasema, tena kwa upole kabisa. "Kwa ajili ya mtoto."

Kila mama mgeni hapa anajua huyo mtu ni nani. Ni wale wa ustawi wa jamii, wanaoweza kukuchukulia mtoto. Hasira haikuondoka. Nikaenda kwenye lundo la mboji, nikachambua majani yaliyokuwa bado mabichi, nikayatia kwenye mfuko huku yeye akitazama.

Nyumbani, mume wangu, aliyekuwa ametoka kusafisha ofisi mtaa wa Kista, aliuona mfuko.

"Mama, tupa hiyo kitu."

"Wewe ulilelewa na nini? Si ni hii?"

"Nililelewa nayo Kisii. Hapa wakibisha hodi utawaambia nini?"

Niliupika hivyo hivyo. Lakini nilifunga madirisha, nikavuta pazia, na kila lifti iliposimama ghorofani kwetu nilifunika sufuria kama mpika chang'aa anayeviziwa na chifu. Mboga! Mboga tu! Nikala nimesimama, mtoto akininyonya, sikio langu liko mlangoni.