Ugonjwa Uliopata Jina

Jumamosi moja ya Agosti 1986 nilikuwa uani kwa mama, Ikutha, nikipepeta pojo, shangazi aliponiuliza kama mbuzi wa ntheo waje au wasije. Kwetu, mbuzi hao wakishapokewa, binti amekuwa mke. Mwalimu mmoja wa Makindu alikuwa akingoja jibu langu tangu Pasaka, nami nilimpenda. Lakini kutwa nzima nilimwaza mwanamume mwingine, daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe wetu, ambaye sikuwahi kuvuka salamu naye. Nikisikia pikipiki yoyote, niliacha kazi nikachungulia kama ni yake. Niliogopa kwamba moyo ulikuwa ukinionya nisiolewe.

Nilimweleza shangazi yote.

"Alikupa nini huyo?"

"Asali, chupa moja."

"Ukala?"

"Tulikula sote. Hata wewe."

"Mimi ni mzee, dawa ya mapenzi hainishiki." Akaitupa chupa chooni.

Juma lililofuata nilikwenda Kitui mjini kwa rafiki yangu wa chuoni, aliyefundisha saikolojia. Alinisikiliza, akacheka, akasema hali hiyo ina jina la Kiingereza, *limerence*. Mtaalamu mmoja Mmarekani alilibuni miaka ya sabini, baada ya kuwahoji watu wengi waliosumbuliwa na mawazo kama yangu. Hali yenyewe huishi kwa matumaini yaliyochanganyika na shaka; isipolishwa, hufifia. Nikauliza kama neno lilitoka Kilatini au Kigiriki, nikitarajia maana iliyofichika.

"Halina asili, dada. Alipenda tu linavyosikika."

Hilo ndilo lililonituliza. Ikiwa neno halikutoka popote, huenda hata mawazo yangu hayakutumwa na mtu, wala hayakuwa na ujumbe wowote kwangu. Nilimaliza chai yangu na mkate wa rafiki yangu pia.

Niliporudi Ikutha nikamsimulia shangazi, hakuridhika. "Neno halina mama wala baba, nawe unaliamini?"

"Limenitosha, shangazi."

Leo nina umri aliokuwa nao siku ile, na bado sina jibu bora kuliko hilo.

Daktari alipita tena Septemba. Niliinua kichwa, kisha nikarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Juma hilohilo niliandika barua kwenda Makindu:

"Waambie wazee walete mbuzi kabla mvua haijaharibu barabara. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilidhani nina shida kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Ukifika nitakueleza, nawe una ruhusa ya kucheka."