Pistoni ya Mashindano Isiyoruhusiwa Kushindana

Kazi yangu ni kuchanja ng'ombe Mugeta, na huko huwezi kufika popote bila pikipiki. Wafugaji wananiita Bwana Mifugo ingawa mimi ni mwanamke mwenye watoto, na nilishachoka kuwasahihisha. Sikukuu zikifika, madereva wa bodaboda wa Nyamuswa hushindana kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, nami nikaanza kujiingiza. Mwanzoni walicheka sana. Nilipoanza kuwapita wakapunguza kucheka, nikaona sasa nimefikia hadhi ya kununua pistoni ya mashindano.

Niliipata kwenye duka la spea Musoma mjini. Boksi lake lilichorwa pikipiki inayoruka katikati ya moto. Muuzaji, baba mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri, aliishika kama padri ameshika kikombe.

"Hii ni racing yenyewe, dada. Fungua mafuta mpaka mwisho, haikohoi. Na ina waranti ya miezi sita."

"Ikifa je?"

"Unairudisha hapa hapa. Sisi sio wababaishaji."

Nikaamini. Nikachukua na oili aliyonichagulia mwenyewe, nikapeleka vyote kwa fundi wangu Bunda, akafunga. Kwa majuma kadhaa niliendesha polepole kama nilivyoelekezwa, mpaka baiskeli za wauza maziwa zikawa zinanipita.

Siku ya shindano nilikuwa nyuma kidogo, kisha katikati, kisha mbele. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mgongo wa mtu wa kuutazama, ni vumbi langu mwenyewe tu na watu wakipiga kelele pembeni. Nakiri nilijisikia mkubwa. Ndipo injini ikatoa mlio kama kijiko kilichoangukia kwenye mashine ya kusaga, tairi la nyuma likaganda, na mimi nikaendelea na safari peke yangu mpaka kwenye matuta ya viazi. Safari hii hakuna aliyecheka. Hilo liliniuma kuliko kifundo cha mguu.

Walinipakia kwenye pikapu pamoja na pikipiki, wakanishusha kwa mama yangu Butiama. Mama alinikanda mguu kwa maji ya moto na chumvi bila kusema neno, halafu akasema yote kwa pamoja.

"Kwa hiyo serikali inakulipaga ukimbizane na vijana?"

"Ilikuwa sikukuu, mama."

"Haya. Na siku za kazi unakimbizanaga na ng'ombe?"

Mguu ulipopata nafuu, nikasafirisha pikipiki mpaka Bunda, fundi akafungua injini. Pistoni ilikuwa imepasuka kichwani, vipande viwili. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikapanda basi kwenda Musoma, nina furaha ya mtu mwenye waranti.

Muuzaji alivitazama kwa huzuni ya msibani. "Pole sana. Ilikuwa inafanya nini wakati inapasuka?"

"Ilikuwa inashindana."

Uso ukamng'aa. "Aa, basi! Waranti haihusiki na mashindano."

"Pistoni ya mashindano?"

"Ndiyo, dada. Mashindano yanaumiza sana injini. Hapo hakuna pistoni inayoweza kuvumilia." Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kwenda sokoni. Akaongeza kwamba hata hivyo, kwa macho yake, kosa lilikuwa la fundi.

Nikarudi Bunda. Fundi akaapa kwamba amefunga pistoni tangu hajaoa, na kwamba hapo kilichoua ni oili. Nikamkumbusha oili ilitoka dukani kwa muuzaji. "Basi umeona mwenyewe," akasema, akarudi kwenye kazi yake, mtu safi asiye na doa.

Nilikwenda Musoma tena. Safari hii nilimkuta mzee mmoja ameegemea kaunta, msafirishaji wa samaki kutoka vijiji vya ufukweni. Mbele yake kulikuwa na pistoni kama yangu, imepasuka pale pale ilipopasuka yangu. Nikasimama nyuma yake nikisikiliza.

"Mzee wangu," muuzaji alikuwa akisema, "hii ni pistoni ya mashindano. Wewe umebebea samaki barabara ya kawaida. Hayo ni matumizi yasiyo yake. Waranti hapo haipo."

"Mimi sijawahi kushindana na mtu," mzee akasema. "Nabebaga sato tu."

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Nikasogea nikafungua kitambaa changu, nikapanga vipande vyangu kando ya vyake. "Mimi nilishindana," nikamwambia mzee. "Akanikatalia kwa sababu nimeshindana."

Mzee alinitazama, akamtazama muuzaji, kisha akavuta benchi akakaa. Nami nikakaa. Hatukugombana na mtu. Kila mteja aliyeingia, mzee alimwamkia vizuri na kumuuliza: "Samahani, ndugu yangu, hii pistoni tuitumieje ili iwe na waranti?" Wengine walicheka, wengine walitoka bila kununua. Mama mmoja alishauri tuiweke kabatini na vikombe.

Jua lilipokuwa kali, muuzaji akaingia stoo, akatoka na pistoni mbili za kawaida, maboksi yake hayana hata moto. "Chukueni. Natoa kwa ubinadamu tu, msije mkasema ni waranti."

"Ubinadamu wako nao una miezi mingapi?" mzee akauliza, huku ameshaisunda yake kwenye koti.

Fundi alifunga ile ya kawaida, akaisifia kama alivyoisifia ya kwanza. Sikukuu iliyofuata nilishindana tena. Mzee alikuja mpaka Nyamuswa kutazama, akapiga kelele kuliko ndugu zangu wote. Sikushinda. Nilimaliza katikati ya kundi, bado nimekalia pikipiki yangu, nikacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Juzi mfugaji mmoja alinisimamisha njiani. Anataka pikipiki yake iwe na nguvu, na dukani Musoma wamemhakikishia kwamba yule mama anayeshindana Nyamuswa hatumii kitu kingine isipokuwa pistoni ya mashindano. Nikaanza kumweleza yote, polepole, tangu mwanzo. Alikuwa ameshainunua.