Kisima Ambacho Hakikuchorwa

Siku ile bado ninaiona, mwanangu, ingawa siku hizi nahitaji miwani hata kuchagua maharagwe. Nilikuwa mama kijana. Tulikuwa tumetoka Ruiri, mimi na Mutwiri, mtoto wangu wa kwanza, kumtembelea dada yangu aliyeolewa Embu. Mtoto akashikwa na homa huko huko. Shingo ikakakamaa, akaacha kuniitikia. Hospitalini walisema ni homa ya uti wa mgongo, wakamtundikia dripu, wakaniambia tungoje.

Kungoja! Sikuweza kuketi. Nilienda kwenye bomba nikafua nguo ambazo nilikuwa nimezifua asubuhi. Nikaenda langoni kana kwamba kuna mtu nimemtuma. Nikarudi hadi mlango wa wodi, nikaona mguu wake umetokeza kwenye blanketi, nikageuka tena. Nilikuwa nimejiambia kwamba kama atakufa, basi nisiwe pale. Dada yangu ndiye aliyekaa naye, na hata yeye alikuwa amechoka kuniuliza naenda wapi.

Katika kuzunguka huko nikaingia kanisa dogo la hospitali. Mama mmoja alikuwa juu ya kiti, anapigilia msumari. Alikuwa mchoraji kutoka Kibugu, jina lake Wanja, mtu mzima kunipita kwa miaka mingi, wino mweusi umemwingia hadi kwenye kucha.

"Nishikie hii," akasema, bila hata salamu.

Nikashika picha. Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mwanamke ameketi jangwani, amejikunja, na nyuma yake, mbali kidogo, mtoto amelala chini ya kichaka cha miiba kama vile vya kwetu upande wa chini, kwenye ukame. Nikajua ni Hajiri, yule mjakazi aliyefukuzwa kwa Abrahamu pamoja na mwanawe, maji yakawaishia njiani.

"Mbona amempa mtoto mgongo?" nikauliza.

"Hawezi kumwona akifa."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Nikaanza kuitafutia picha kosa. "Na kisima? Kwa Biblia kuna kisima. Hapa sikioni."

Akashuka, akaweka kidole mahali peupe karibu na magoti ya yule mwanamke. "Kiko hapa."

"Hapo hakuna kitu, mama."

"Ni karatasi tu, ndiyo." Akanieleza kwamba picha kama hiyo huchapwa kwa bamba: bamba la shaba hupakwa nta, mchoro ukakwaruzwa kwa sindano, kisha bamba likatiwa ndani ya asidi. Asidi inakula pale tu palipokwaruzwa, na wino unakaa katika hayo makovu, kisha karatasi ikigandamizwa juu yake inaunyonya. "Hapa sindano yangu haikugusa. Hajiri mwenyewe hajaona maji, sasa mimi nitamchorea aje?"

"Kwa hivyo umemwacha na kiu?" Sauti yangu ilikuwa imepanda. Namgombeza mtu nisiyemjua, tena kanisani.

Hakukasirika. Aliniangalia, nguo mbichi zikiwa begani kwangu, akauliza, "Uko na mtoto wodini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tazama mkono wa huyu." Mkono wa mtoto ulikuwa mweusi kuliko kitu kingine chochote katika picha, umenyooshwa, vidole wazi. "Niliuacha kwa asidi hadi nikaogopa bamba litatoboka. Nilitaka mtu asiweze kuupita. Unakumbuka malaika alimwambia nini Hajiri? Hakumwambia atazame kisima. Alimwambia asimame, amwinue kijana, amshike mkono. Macho yalifunguliwa baadaye. Sasa wewe unafanya nini hapa na mimi? Enda umshike mtoto wako."

Sikumuaga. Nilirudi wodini, nikamwambia dada akapumzike, nikaketi. Mkono wa Mutwiri ulikuwa moto kama sufuria. Usidhani hofu iliniacha, mwanangu. Kila nilipomsikia nesi akija, miguu yangu ilitaka mlango. Niliketi hivyo, siku hiyo na zilizofuata, mpaka asubuhi moja vidole vyake vikafinya kidole changu.

Aliishi. Lakini masikio yake hayakurudi; ugonjwa ulimwacha kiziwi. Nilimlilia Mungu kwa hasira, na baba yake naye akalia. Kisha tukajifunza kuzungumza naye kwa mikono, polepole, tukikosea. Leo ana mke, watoto na shamba la vitunguu, na nyumbani kwake kuna kelele ambazo yeye peke yake hazisikii, ila akiziona kwenye nyuso zao anafurahi.

Najua unavyozunguka nawe, mwanangu. Baba yako huko nyumbani kwenu ameanza kusahau majina, na tangu hapo unapata shughuli nyingi mjini. Ndoa yako imenyamaza, unaikwepa kwa kushinda kwenye simu. Siwezi kukuita mbaya, maana hiyo ni hofu, na mimi naijua. Nakuambia tu usingoje kwanza uone mambo yataishaje ndipo usogee. Sogea ukiwa bado huoni. Mshike mtu wako huku unatetemeka. Huenda utakachopewa hakitakuwa ulichoomba, na itabidi ulie, halafu uanze kujifunza upya.

Ubarikiwe unapotoka na unapoingia. Mungu akutulize moyo. Na siku utakapolala wewe kitandani ukiumwa, usikose mtu wa kuvuta kiti akaketi karibu nawe.